Mimi sikuomba nikafungwa kizazi, bosi wangu Mzungu aliomba akakataliwa

BARUA

Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa hapa Malindi upande wa Muyeye, kwetu asili ni Magarini, umri wangu miaka 29. Naandika usiku watoto wamelala manake mchana sipati nafasi na simu yenyewe tunatumia mimi na mzee wangu, kwa hivo tafadhali jina langu usilitaje.

Kisa changu ni hichi. Huyu mtoto wangu wa mwisho nlimzaa kwa operesheni miaka minne ilopita. Uchungu ulinianza jioni, kufika hospitali nkaambiwa mtoto amekaa vibaya naenda thieta. Sasa pale hata mbele sioni, nesi mmoja akaja na makaratasi akanambia weka sahihi hapa na hapa, fanya haraka mtoto anachoka. Makaratasi ya Kizungu na mimi shule niliachia darasa la sita, nkaweka sahihi, nlijua ni za kumtoa mtoto. Na nlimsikia kwa masikio yangu akimwambia mwenzake, hawa Wagiriama wa huko bara kazi yao ni kuzaa tu, huyu umri wenyewe huu na ashafika wa tatu. Sikumjibu, nani atajibu na uchungu ule.

Mtoto akatoka mzima, namshukuru Mungu. Baadae bwanangu akataka mwengine, tukangoja wapi, na damu naiona kila mwezi kama kawaida. Mamamkwe akaanza maneno, mara nimeweka kijiti kwa siri, mara kuna mkono wa mtu, tumezunguka kwa waganga, mbuzi zimekwisha. Sasa naskia kuna mke anatafutwa huko kwao. Juzi nimempeleka mtoto kliniki, kuna nesi mgeni msichana mdogo tu, akafungua kile kitabu akauliza, mama si wewe ulifungwa kizazi, mbona hapa wameandika BTL? Nkamuuliza BTL ni nini. Akaniangalia, akanyamaza, halafu akanieleza polepole. Bi Mkubwa, miguu iliniisha nguvu nkakaa chini.

Na kuna jambo lengine linaniuma hata sijui nliseme vipi. Mimi nafanya kazi ya nyumba kwa mama mmoja Muitaliano kule Casuarina. Ana miaka thelathini na kidogo, hana mtoto na hataki. Alienda hospitali ya kulipa akaomba afungwe kizazi, daktari akamkatalia, akamwambia wewe bado kijana utakuja kujuta, nenda ukafikirie na mumeo anasemaje. Alirudi analia kwa hasira, mimi napiga pasi nkamuonea huruma, wakati ule yangu bado sijayajua. Saa hii nikimuangalia najiuliza, huyu ameomba kanyimwa, mimi sikuomba nkapewa, na mji ni huuhuu. Ni rangi? Ni pesa? Au ni huu Ugiriama wangu?

Nimwambie bwanangu? Ataniamini kweli ama atasema nlijifunga mwenyewe? Dini yake haipendi mambo haya. Na kizazi chafunguka? Na nikienda kulalamika si watanichukia, na watoto wangu hapo ndo natibia?

Mama wa Watatu, Malindi

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole, tena pole sana, na asante kwa kuniandikia usiku huo badala ya kukaa nayo peke yako.

Kwanza hiyo sahihi, manake naona ndo inayokufanya uogope hata kumwambia mumeo. Sahihi uliyowekeshwa ukiwa na uchungu, kwa karatasi ya lugha usiyoisoma, bila mtu kukueleza, hiyo si ruhusa yako ya kufungwa kizazi. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inasema wazi mgonjwa aelezwe hali yake, atakachofanyiwa, faida yake, hatari yake, njia nyengine zilizopo na haki yake ya kukataa, na aelezwe kwa lugha anayoifahamu. Na Shirika la Afya Duniani linasema uamuzi wa kufunga kizazi mwanamke asiulizwe akiwa kwenye uchungu, akae aufikirie kabla. Kumtoa mtoto kwa operesheni ilikuwa dharura, sawa, hapo haraka inaeleweka. Kufunga mirija inayopitisha yai, ndo huko kufunga kizazi, kulikuwa na haraka gani? Hakuna mwanamke aliyekufa usiku huo kwa sababu mirija yake haikufungwa, wangekushona wakakuacha upone, ukirudi kliniki na mtoto wakae na wewe wakueleze, ukitaka ukubali ukikataa wakupe kijiti au sindano au koili au wakuache uende zako.

Sasa swali lako la rangi na pesa na kabila. Mwanangu wewe umeliona jambo ambalo watu wamelisoma vyuoni miaka mingi. Marekani hayahaya yalipita, tena kwa wakati mmoja kama wewe na bosi wako. Mpaka mwisho wa miaka ya 1960 chama cha madaktari wa uzazi wa kule kilikuwa na hesabu yake, chukua umri wa mwanamke zidisha na watoto alionao, isipofika 120 hafungwi hata akiomba vipi, yaani mwenye miaka 30 lazima awe na watoto wanne. Hayo walikuwa wanaambiwa wanawake Wazungu wenye uwezo wao. Na mwaka 1961, nchi hiyohiyo, kule Mississippi, Fannie Lou Hamer, mama mweusi mfanyakazi wa mashamba ya pamba ambae baadae alikuja kuwa mpiganiaji mkubwa wa haki ya kupiga kura, alienda hospitali kutolewa uvimbe akatolewa kizazi chote bila kuulizwa. Mwaka 1973 huko Alabama watoto wawili ndugu weusi, Minnie Lee Relf na Mary Alice Relf, miaka 14 na 12, walifungwa kizazi kwa kliniki iliyokuwa inalipwa na pesa za serikali, mama yao hajui kusoma akaweka alama ya X kwenye karatasi akidhani wanae wanachomwa sindano za uzazi wa mpango. Hebu soma hapo tena, alama ya X. Unaona mwenzako huyo.

Kwa hivo jibu langu ni hili, ni vyote vitatu, na kawaida huja pamoja. Rangi, umaskini na kabila, na juu yake kutojua lugha ya karatasi. Peru, kule Amerika Kusini, miaka ya 1996 mpaka 2000 walifungwa wanawake zaidi ya laki mbili, wengi wao wa vijijini, wenye asili ya kule wanaosema Kikechua, na wengi wamesema waliekewa karatasi za Kihispania mbele yao. Hata leo Marekani takwimu zao zinaonyesha mwanamke mweusi na yule wa asili ya Kilatini, na mwenye elimu ndogo na bima ya serikali, ndo hufungwa zaidi, na kwa Wazungu waume wanaoenda kufungwa wao ni wengi kuliko kwa hao wengine, ambayo kusema kweli ni operesheni ndogo zaidi na hatari yake ni ndogo zaidi, haifungui tumbo wala hailazi mtu wodini. Sasa niambie ni nani hapa kwetu alimuuliza bwanako.

Halafu kuna hili ambalo limenikera kuliko yote. Yule daktari wa bosi wako alipomwambia bado kijana utajuta hakulitoa hewani. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuata wanawake mpaka miaka 14 baada ya kufungwa, waliofungwa kabla ya miaka 30 kama 20 kwa kila 100 walikuja kujuta, waliofungwa baada ya hapo ni kama 6. Sawa, ni jambo la kuzungumza na mgonjwa. Lakini bosi wako ana miaka thelathini na kidogo, na wewe ulikuwa na 25! Kama kuna mtu wa kuambiwa nenda kafikirie basi ni wewe, na wewe ndo uliharakishwa. Ilimu hiyohiyo imetumiwa kumlinda mmoja, kwa mwengine imesahauliwa. Na hata huyo bosi wako sisemi alitendewa vizuri, mtu mzima akielezwa akaelewa na bado anataka apewe, mwili ni wake, na kuulizwa mumeo anasemaje si sharti la sheria kwetu. Lakini yeye bado ana mlango wa kubisha, atapanda ndege akafungwe kwao. Wewe uliondolewa mlango.

Nataka wanawake wengine wanaosoma hapa wasinielewe vibaya, kufunga kizazi chenyewe si ubaya. Kuna mama ana watoto sita amechoka, kuna mwengine moyo wake hauwezi mimba tena, akielezwa akataka mwenyewe ni njia nzuri, haiondoi kizazi, hedhi inaendelea, hamu ya mume haipotei. Na tusije tukadhani dawa ni kuweka masharti mengi tu. Marekani baada ya yale ya kina Relf serikali ikaweka sheria mwaka 1978, anayelipiwa na serikali lazima awe na miaka 21 na asaini siku 30 kabla. Ilifanywa kwa nia njema kabisa, lakini leo wako kina mama maskini wanaotaka wenyewe wanafika kujifungua karatasi haijatimiza siku au imepotea, wanarudi nyumbani bila kufungwa, na mwenye bima yake ya kulipia hiyo foleni hana. Yaani maskini mara anasukumwa mara anazuiwa, na mara zote mbili hakuna aliyekaa kitini akamsikiliza.

Haya tuje kwako sasa.

Usianze kwa mume, anza kwa karatasi. Herufi tatu hizo, BTL, kifupi cha Kizungu cha kufunga mirija yote miwili, kwenye kitabu cha kliniki ni ushahidi lakini kuna watu huandika makosa, lazima tuwe na uhakika. Nenda pale hospitali ulipojifungulia, sehemu ya kumbukumbu, uombe nakala ya faili lako la uzazi, ripoti ya thieta na ile fomu uliyosaini. Omba kwa barua, mtu akuandikie kwa Kiswahili fupi tu, tarehe uliyolazwa, unachotaka, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Ni haki yako, Katiba kifungu cha 35 kinakupa haki ya habari zilizoko kwa serikali na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuona habari zako mwenyewe. Ukiipata, tazama saa iliyoandikwa kwenye fomu na saa uliyoingia thieta. Tazama kama fomu ya kufungwa ni yake peke yake au imebanwa pamoja na ya operesheni, sahihi ni yako kweli ama kuna mtu alikuwekea, shahidi ni nani, na kama kuna mahali pameandikwa ulielezwa kwa lugha gani. Usitoe kile kitabu cha kliniki mkononi mwako hata kwa mtu anayekuchekea, kipige picha kila ukurasa umtumie mtu unaemuamini, manake simu ni ya wawili.

Kujua kama mirija imefungwa kweli, skani ya tumbo ya kawaida haionyeshi. Kuna eksirei ya mirija, wanaingiza dawa kwenye kizazi halafu wanapiga picha waone kama inapita. Muulize daktari wa kina mama kuhusu hiyo.

Chafunguka? Wakati mwengine chafunguka, sitaki kukudanganya kwa upande wowote. Inategemea walifunga vipi, kama walikata kipande kikubwa au kidogo na mrija uliobaki una urefu gani, na umri wako wa 29 ni faida. Operesheni ya kuunganisha ni ya ufundi mkubwa, hufanywa na madaktari wachache na bei yake si ya mshahara wa kufua na kupiga pasi. Njia nyengine ni ile ya kupandikiza mimba, mirija haihitajiki hapo, lakini hiyo nayo ni ghali. Ndo maana ripoti ya thieta ni muhimu, daktari akiisoma atakwambia kama kuna matumaini kabla hujatoa hata shilingi. Na ukija kuunganishwa, siku ukikosa hedhi au ukihisi maumivu makali chini ya tumbo upande mmoja kimbia hospitali hapohapo, mimba ikiingia kwa aliyefungwa au aliyeunganishwa ina hatari kubwa zaidi ya kukaa kwenye mrija, na hiyo inaua. Waganga basi tena mwanangu. Na hizi dawa za majani zinazotangazwa simuni za kufungua mirija usinunue, mrija uliokatwa na kufungwa haunyweshwi ukaungana.

Bwanako sasa. Mwambie, tena usichelewe sana, kwa sababu saa hii pengo la habari linajazwa na mamako mkwe. Lakini usimwambie jikoni mkiwa wawili mmechoka. Chukua nakala, mtafute mtu ambae yeye anamheshimu, awe kakake mkubwa au yule nesi mdogo kama atakubali au imamu wenu, mkae. Mwambie kama ulivoniambia mimi, kwa mpango huohuo, usiku ule, karatasi, maneno ya nesi. Akisema ni haramu, mashekhe wengi wanasema kufunga moja kwa moja bila sababu ya afya haifai, hiyo ni kweli, lakini wewe hukufunga, ulifungwa. Jambo ulilofanyiwa hulijui unaandikiwaje dhambi yake? Na yeye pia ameibiwa, mwambie hivo, watoto aliokuwa akiwatarajia wameamuliwa na mtu asiyemjua hata jina. Mwanamume akiliona hivo mara nyingi hasira yake inageuka inakwenda panapostahiki. Lakini wewe ndo unamjua, kama ni wa mkono mwepesi basi kwanza hakikisha una pa kulala.

Kuhusu kulalamika. Mwaka 2014 kuna kina mama wa hapa Kenya wanaoishi na virusi vya ukimwi walikwenda Mahakama Kuu Nairobi kwa kufungwa kizazi bila ridhaa ya kweli, kuna waliosema waliambiwa hawatapata maziwa ya mtoto na chakula cha msaada mpaka waonyeshe wamefungwa. Ilichukua mpaka 2022, lakini mahakama ikasema haki zao zilivunjwa na wakaamuriwa kulipwa fidia. Kina mama wa kawaida kabisa, majina yao yakafichwa wakaandikwa kwa herufi tu. Namibia kina mama watatu walishinda hivohivo mpaka mahakama ya juu mwaka 2014. Kwa hivo njia ipo na imeshapitwa.

Ila kuna jambo la muda. Ukishtaki hospitali ya serikali kwa madai ya kawaida ya madhara, sheria hukupa miezi 12 tu na wewe umeshapita, ingawa umejua juzi, muulize wakili kama hilo linaweza kukusaidia. Kesi ya haki za kikatiba haina kikomo hicho cha miezi, lakini majaji huuliza umechelewa kwa nini, basi andika leo tarehe uliyoambiwa na yule nesi. FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, na Kituo Cha Sheria, shirika la msaada wa sheria, wana ofisi Mombasa na husaidia wasio na pesa ya wakili, nenda na karatasi zako. Mahakama Kuu iko hapohapo Malindi, huhitaji kuzungukia Nairobi. Na kama hutaki kesi, Baraza la Madaktari linapokea malalamiko ya maandishi juu ya daktari na hospitali.

Unaogopa watakuchukia kwa watoto. Naelewa, ndo hofu ya kila mama wa hapa mwenye hospitali moja tu. Kuomba faili si kulalamika, anza na hapo, uwe mpole, huna haja ya kuwaambia unataka kufanyia nini. Mambo ya mbele wakili ndo atayabeba na anaweza kuomba jina lako lifichwe kama walivofichwa wale. Na huyo nesi msichana usimtaje popote bila kumuuliza kwanza, amekutendea haki na ana kazi ya kulinda.

Bosi wako, kama mnaelewana na roho yako inakubali, mwambie. Ana gari, anajua kusoma karatasi za Kizungu, na yeye mwenyewe anajua kukataliwa kwa daktari kukoje. Asije akaifanya ni kesi yake tu, wewe ndo uamue aende wapi na aseme nini.

Ukishapata fomu niandikie tena. Usinitumie faili, nambie tu imeandikwa nini, na saa ngapi.